Gereji za hapa Mtwara na Disco 3 yangu: mnabadilisha spea bila kupima, bili inakuja kwangu

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuja kulalamika, na naomba asitokee mtu wa kuniambia nipunguze jazba.

Nina Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2006, ile dizeli ya lita 2.7. Naishi Mtwara mjini, shughuli zangu zinanipeleka Tandahimba na Newala, na msimu wa korosho ndiyo usiseme. Gari hii ina saspensheni ya upepo pembe zote nne. Hakuna springi ya chuma: kuna puto la mpira, na shokapu imo humo humo ndani, ni kitu kimoja. Ikiwa nzima, unapita kwenye makorongo na abiria amelala. Yangu ilikuwa inadunda. Ukitoka lami ya Mnivata ukaingia kwenye vumbi, kila kokoto unalisikia kwenye meno, na mbele kushoto kuna mlio mzito kila tairi ikidumbukia shimoni.

Nikaipeleka gereji. Jina silitaji, wenyewe wanajijua.

Fundi akafungua boneti. Gari inalalamika miguu, yeye anaangalia kichwa. Akasikiliza injini, akajifuta mikono, akasema, "Bosi, hapa kompresa imekufa." Nikamuuliza amejuaje. "Hizi gari ugonjwa wake ndiyo huo."

Sasa ngoja niwaulize wanaojua. Kompresa ndiyo pampu inayojaza maputo upepo; iliyokufa inainuaje gari? Yangu ilikuwa inapanda kutoka kimo cha chini kabisa, kile cha kushushia abiria, hadi kimo cha njia mbaya, bila taa ya njano kuwaka na bila kusuasua. Nilimwonyesha palepale, nikabonyeza kitufe, ikapanda mbele ya macho yake. Jibu lake: "Inapanda, lakini haina nguvu." Na kompresa yenyewe haipo hata huko kwenye boneti alikokuwa anachungulia! Iko chini, ubavuni kushoto, mbele ya tairi la nyuma. Ikaletwa kompresa ya mtumba kutoka Dar, imefika na basi imefungwa kwenye kiroba, nikalipa. Gari ikaendelea kudunda kama kawaida.

Zamu ya puto. "Bosi, puto za mbele zimechoka." Sawa, mpira unazeeka, huwa unaanza kupasuka nyufa pale unapojikunja, hilo nalijua. Lakini je, zilikuwa zinavuja? Hakuna aliyepaka hata povu la sabuni kuangalia. Zikafungwa puto mbili za mtumba. Gari ikarudi mbaya kuliko ilivyokuja. Sasa ikawa inadunda NA inayumba.

Halafu, wakuu, hapa ndipo nilipotaka kurusha spana. Jamaa akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, "Sasa zimebaki shokapu za mbele." Shokapu zipi?! Si zimo ndani ya hayo hayo maputo uliyonifungia? Ulinifungia nini basi? Akanyamaza, akamwangalia mwenzake, mwenzake akaenda kutafuta maji ya kunywa.

Pendekezo la mwisho lilikuwa kung'oa upepo wote na kufunga springi za koili. "Utasahau shida." Nitasahau shida, ndiyo, na nitasahau pia gari kunyanyuka nikikuta maji yamejaa barabarani, na kujisawazisha yenyewe nyuma nikipakia magunia. Na taa ya njano ibaki inaniangalia kwenye dashibodi kwa sababu kompyuta ya gari bado inatafuta maputo yake. Kuna watu wamefunga koili wakaridhika, siwabishii, gari ni lao. Ninachokataa ni koili kuwa kimbilio la fundi aliyeshindwa kupima.

Nikaenda kwa mzee mmoja kule Naliendele, amewahi kuhudumia magari ya wazungu wa mambo ya gesi. Hakuwa na kompyuta yoyote. Alikuwa na futi ya kupimia, tochi na boksi la kulalia.

Kwanza akaniambia, "Mwanangu, isogeze mbele, irudishe nyuma, iache pale penye sakafu iliyolala sawa." Akapima pembe zote nne, kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa bodi. Gari hili lina vimo vyake vya kiwandani, na kushoto na kulia lazima vikaribiane sana. Kulia mbele sawa. Kushoto mbele imepanda, tofauti ya vidole vitatu hivi. Akaingia chini na tochi. Kimya. Halafu nikasikia anacheka.

Kila pembe ina sensa ya kimo, na sensa ina kafimbo kadogo kanakoiunganisha na wishboni, ule mkono wa chuma unaoshika tairi. Kafimbo hako ndiko kanakoiambia kompyuta gari imekaa juu au chini. Changu cha kushoto kilikuwa kimekatika, na badala yake pamefungwa waya. Waya ule wa kufungia nondo, umezungushwa mara mbili tatu na ncha yake imekunjwa vizuri kwa koleo, mtu katulia kabisa kwenye kazi yake. Walikivunja wakati wanatoa puto, wakaunga, wakanyamaza. Waya ni mfupi kuliko kafimbo, basi sensa inadanganya kwamba kona hiyo imezama, na kompyuta inaijaza upepo mpaka inapanda kupita kiasi.

Kona moja ikipanda peke yake, uzito unahamia kwake na kwa kona ya nyuma ya upande wa pili, zile mbili nyingine zinaelea. Kama meza yenye mguu mmoja mrefu. Ndiyo maana gari ilianza kuyumba. Na kona iliyoinuka shokapu yake imeshavutika karibu na mwisho, haina nafasi ya kushuka tairi likifuata shimo. Inagota. Wewe kwenye kiti unaita gari ngumu.

Mzee akanieleza jambo lingine ambalo wale wa kwanza walikuwa wanalizungumza kinyume. Walikuwa wanasema "upepo umezidi kwenye puto, tupunguze". Presha ya puto haipangwi na fundi kama ya tairi. Inaamuliwa na uzito uliolikalia. Gari ikinyanyuka, hewa inaongezeka ujazo, lakini presha inabaki palepale au karibu na hapo. Ukitoa upepo unashusha gari, na ukishusha sana inakalia mipira ya kugotea, hapo ndipo utajua ugumu ni nini.

Haya, ule mlio wa mwanzo kabla ya gereji? Akachukua mtaimbo, akausukuma kati ya wishboni ya chini na chesesi. Bushi ya nyuma ya wishboni, ule mpira wa kwenye maungio, ilikuwa imechanika, inacheza wazi unaiona kwa macho. Bushi! Kazi ya mtaimbo na dakika chache, na hii ilikuwepo siku ya kwanza nilipoipeleka gereji. Hizi bushi kwenye Disco 3 zinajulikana dunia nzima kwamba zinakufa, na barabara zetu zilivyochimbwa na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini, zinakufa mapema zaidi.

Na tairi. Aliyeniuzia gari alifunga tairi za pikapu ya mizigo, za plai kumi, ubavu mgumu kama ubao. Wale vijana wa gereji walizivua na kuzirudisha kila walipofungua kitu, wakazijaza upepo kwa kubonyeza na kidole. Kibandiko cha presha kipo palepale ukifungua mlango wa dereva, mbele na nyuma kila moja na yake. Hakuna aliyekisoma.

Kwa hiyo hesabu yangu ni hii: nililipia kompresa ambayo sikuihitaji, nikalipia maputo ambayo hayakupimwa, na kilichokuwa kimekufa ni bushi. Waya nilipewa bure.

NYONGEZA: naona maswali ni mengi, nayajibu kwa pamoja.

Aliyeuliza kuhusu gari kulala chini asubuhi: hapo ndugu una mvujo, na usikurupuke kununua puto la kona unayoiona iko chini. Kompyuta ya Disco 3 hailali moja kwa moja gari ikizimwa. Inaamka yenyewe kila baada ya saa kadhaa na kujisawazisha kwa kuzishusha kona nyingine zifuate iliyo chini zaidi. Asubuhi unakuta yote imelala na hujui mchawi nani. Pima vimo jioni, toa waya wa betri, pima tena asubuhi. Itakayokuwa imeshuka peke yake ndiyo yenye mvujo, kisha paka povu la sabuni kwenye puto na kwenye maungio ya mpira wa upepo. Kama mbele zote mbili zimeshuka pamoja, anza kushuku bloku ya valvu ya mbele, ile inayogawa upepo kwa kona hizo mbili.

Na kweli mvujo unaua kompresa, kwa sababu inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Kwa hiyo ukifunga kompresa mpya juu ya mvujo wa zamani, unaipeleka mpya kaburini. Kwa sisi wa pwani na unyevu huu, kile kikausha hewa cha kompresa nacho kinachoka, punje zake zinageuka unga na unga unaingia kwenye valvu. Anayenunua kompresa ya mtumba aangalie hapo kwanza.

Mkuu wa Nachingwea mwenye Prado 120 ya upepo nyuma: yako mbele ni springi za kawaida, upepo ni nyuma tu, lakini futi ni ileile. Pima kushoto na kulia, angalia fimbo ya sensa, shika tairi, ndiyo ufungue pochi.

Aliyesema nimewaonea mafundi wa kusini: mzee wa Naliendele naye ni fundi wa kusini. Sijalalamikia mkoa, nalalamikia mtu aliyefunga waya wa nondo kwenye sensa na kunikabidhi ufunguo anatabasamu.

Kilichobaki ni kusawazisha vimo kwa kompyuta, maana kafimbo kapya kamefungwa lakini kona ile bado iko juu kidogo, na mzee hana mashine. Kama kuna mtu Mtwara, Lindi au Masasi ana mashine inayosoma Land Rover kweli kweli, siyo ile ya kufuta taa ya injini tu, aniandikie hapa na aseme bei. Nitakuja na futi yangu.