Paa la zege linavuja, wa ghorofa ya chini hawataki kuchangia. Tuanze na lipi?

KatibuKira
Wakuu, naomba msaada. Jengo letu la kondominiamu (kila nyumba ina mwenyewe, jengo ni la wote) liko Kira, Wakiso, Uganda: ghorofa nne, nyumba 24, paa tambarare la zege lenye mita za mraba 420, matangi yote ya maji yako juu. Mvua ikinyesha, dari za ghorofa ya juu zinalowa. Mkandarasi ametuletea bei ya jumla kwenye karatasi moja na anataka asilimia 60 kabla hajaleta hata mfuko wa saruji. Wenye nyumba za chini wanasema paa ni la walioko juu.

Mkadiriaji_Kla
Ndugu Katibu, malizeni la mchango kwanza. Paa la jengo zima ni mali ya pamoja. Chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2001, fungu la kila mwenye nyumba katika mali ya pamoja hufuata kizio cha nyumba yake, yaani namba ya sehemu yake katika jengo, kilichoandikwa kwenye ramani ya kondominiamu iliyosajiliwa. Kwa hiyo msigawe kwa 24 sawasawa. Mwenye vyumba vitatu halingani na mwenye kimoja. Itisheni mkutano, pitisheni kiasi, ambatisheni jedwali la mafungu kwenye muhtasari. Fedha ziingie akaunti ya peke yake.

Asilimia 60 kataeni kabisa. Malipo ya awali yasizidi asilimia 20, tena kwa dhamana ya benki, yaani benki iahidi kuwarudishia fedha akishindwa kazi. Akikosa dhamana, lipeni vifaa vikishafika na kuhesabiwa. Baada ya hapo lipeni kwa kazi iliyopimwa, mkizuia asilimia 10 kila malipo: nusu mumpe kazi ikikamilika, nusu kipindi cha kurekebisha kasoro kikiisha. Mikataba mingi huweka miezi 6. Nyie wekeni 12, maana kazi ikiisha Januari, miezi 6 itaishia Julai na mvua za Septemba hadi Novemba hazijalijaribu paa.

Mhandisi_Ntinda
Naongezea upande wa kazi yenyewe. Karatasi moja ya bei haiwezi kulinganishwa na nyingine. Andaeni mchanganuo wenu wa vipimo, yaani orodha ya kila kazi na kiasi chake, wakandarasi watatu wajaze uleule.

Mfano mdogo: membreni ya lami ya milimita 4, ile karatasi nene ya kuzuia maji inayobandikwa kwa moto wa tochi ya gesi, huja kwa roli ya mita 1 kwa 10. Ukitoa mpandano (sehemu roli moja inapolalia nyingine) wa milimita 100 ubavuni na 150 mwishoni, roli moja inafunika mita za mraba 8.9 hivi, si 10. Kwa 420 ni roli 48, bado hujapandisha milimita 150 kwenye kuta za ukingo na vitako vya matangi. Anayewaandikia roli 42 amepanga kubana mpandano, na maji hupenya hapohapo.

KatibuKira
Asante sana wakuu. Anasema ataweka tabaka jipya la mchanga na saruji juu ya lile la zamani ili maji yaelekee kwenye matundu ya kutolea maji.

Mhandisi_Ntinda
Msimruhusu bila hesabu ya mhandisi. Tabaka la wastani wa milimita 75 ni karibu kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na chini yake bado lipo la zamani. La zamani libomolewe kwanza. Mwinamo wa jipya uwe 1 kwa 80, yaani sentimita 10 kwa kila mita 8.

Kisha tabaka hilo jipya liachwe likauke. Bandikeni kipande cha nailoni cha mita moja, kingo zote kwa gundi, usiku kucha. Asubuhi kikiwa na matone kwa ndani, membreni isiwekwe: jua la mchana litageuza unyevu huo mvuke na kuiinua kama malengelenge. Ndiyo maana kazi hii ipangwe Desemba hadi Februari, au Juni na Julai.

Kabla ya kulipa, zibeni matundu, jazeni maji sentimita 5 kwa saa 48, kipande kwa kipande. Paa zima kwa mara moja ni tani 21.

Mkadiriaji_Kla
Na matangi, Katibu. Yatahamishwa, kwa hiyo kodisheni tangi la muda chini na watangazieni wakazi siku za maji kukatika wiki moja kabla. Mabomba ya plastiki karibu na moto wa gesi wa kubandikia membreni huyeyuka. Kizimamoto kiwe juu, na mtu abaki saa nzima baada ya tochi kuzimwa. Manispaa nayo ulizeni mapema kibali gani kinahitajika, kwa maandishi.