Tupeane uzoefu: gari la kambi likilala masika nzima, ukungu mnauzuiaje?

Njiro Mpweke: Wadau, poleni na majukumu. Nina Land Cruiser yenye kitanda na jiko ndani. Wageni wakikata Machi, inalala hadi Juni. Juzi nimeifungua: harufu ya uvundo, godoro upande wa chini lina madoa meusi kama mbegu za papai, milango ya kabati imevimba haifungi. Na nilikuwa nimeifunika turubai vizuri kabisa! Wenzangu mnafanyaje?

Fundi Sakina: Turubai ndilo lililokuponza, mkuu. Jua likichomoza kati ya mvua na mvua, ndani kunapata joto na hewa inabeba mvuke. Usiku bati linapoa, ule mvuke unakuwa matone kwenye dari na vioo. Nailoni imezuia usitoke. Mimi nilijenga kibanda cha mabati, nguzo nne, pande zote wazi. Tundu la paa la gari naliacha wazi na wavu wa mbu mchana tu. Jioni hewa ya nje ikiwa nzito, nafunga. Godoro linahamia sebuleni, mama watoto anune tu.

Mangi wa Rau: Huku Moshi kuna joto kuliko kwenu lakini tabu ni ileile. Niliambiwa niweke beseni la chumvi. Baadaye nikajua chumvi ya mezani huanza kuvuta maji unyevu ukifika kama asilimia 75, na kufikia hapo ukungu umeshakaribishwa. Nikahamia kloridi ya kalisi. Hiyo inavuta kweli, ila inayeyuka yote kuwa maji ya chumvi. Niliiweka kwenye sinia pana, nikasafiri wiki tatu. Ikafurika, ikapita chini ya zulia, sasa sakafu ina kutu ya kuingiza kidole. Tumieni ndoo ndefu, jamani.

Dada Kambi: Mkaa unapunguza harufu, unyevu bado upo palepale. Na mlango wa friji uwekeeni kijiti usijifunge.

Njiro Mpweke: Asanteni. Turubai nimelitupa, nimenunua kipimo cha unyevu: alfajiri kinasoma 81, saa nane mchana 58. Halafu nimegundua kitanda ni plaiwudi tupu, godoro lilikuwa halipumui hata kidogo. Shangazi, fundi seremala, anakuja Jumamosi na keekee kuitoboa. Mashimo ya ukubwa gani, Fundi?

Fundi Sakina: Kama kifuniko cha soda. Mengi.