Darasa la 3: hadithi wamehifadhi, penseli bado zinapotea

Mwalimu_Wete
Assalaamu alaykum walimu. Nasomesha Dini darasa la tatu, watoto 62. Hadithi ya alama tatu za mnafiki wanaisoma bila kukwama na mtihani wanapata. Wakirudi mapumziko, penseli hazionekani, na kuitana "Kibogoyo" na "Kijeba" ndiyo usiseme. Nifanyeje?

Maalim_Mkoani
Waalaykumu ssalaam. Hadithi ile ina mambo matatu: kusema uongo, kuvunja ahadi, kukhini amana. Usiyamalize kwa kipindi kimoja. Chukua amana peke yake, wiki mbili. Dakika kumi eleza maana, zilizobaki waigize: mmoja kaokota penseli chini ya dawati. Lazima atamke mwenyewe, "Nani kapoteza?" Mtoto wa miaka minane anajua kuwa wizi ni haramu, kinachomshinda ni neno la kuanzia wenzake wakiwa wanamtazama.

Kisha weka kikapu mezani kwako. Kila kilichookotwa kiingie humo, na kabla ya kengele ya mwisho utangaze kimoja kimoja bila ya kukionesha. Anayedai aeleze alama: imetafunwa wapi, ina kifutio au haina. Ndiyo hukumu ya luqata (kitu kilichookotwa) hiyo, wanaisoma kwa vitendo.

BiMwalimu_Unguja
Ila peremende usitoe kwa anayeleta! Utaanza kuletewa penseli zilizotolewa mikobani mwa wenzao, na riya, kutenda wema ili uonekane, umeshaifundisha. "Allah akulipe" inatosha.

Majina mabaya yamekatazwa katika Qur'ani, sura ya Al-Hujurat aya ya 11, isomeshe. Lakini usimsimamishe aliyesema mbele ya darasa, atatoka hapo na jina jipya yeye. Mtume (SAW) alikuwa akisema, "Wana nini watu wanaofanya kadha?" bila ya kumtaja mtu. Sema hivyo, kisha mhusika mwite pembeni. Na sisi walimu tuache "wewe mnene, njoo". Ruhusa wanaichukua kwetu.

Ustadh_Micheweni
Mpe habari na maalim wao wa chuoni (madrasa ya Qur'ani), wakenda kwake wakute somo ni lile lile. Halafu ahadi zako. Katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, mama mmoja alimwita mwanawe aje ampe kitu. Mtume (SAW) akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akamwambia lau asingempa, angeandikiwa uongo. Basi ukisema kesho utaleta chaki za rangi, zilete.

Mwalimu_Wete
Shukran sana. Na penseli ikikosa wa kuidai?

Maalim_Mkoani
Itangaze wiki nzima. Ikibaki, iwe ya kuazimana darasani, na mwenyewe akitokea akaieleza, arejeshewe.