Presha: watu wafundishwe kupumua na kutulia kliniki, au hela yote iende kwenye vidonge?

Kijana wa Tandika:
Wakuu salaam, naomba tujadili hili bila matusi maana nyumbani kwetu limeshatugawa. Mama ana miaka 58, mama lishe hapa Tandika. Mwaka jana tulienda Sabasaba, tukapita kwenye banda moja wanapima bure, wakamkuta na 172 kwa 104, akacheka, akasema mashine mbovu hiyo mbona kichwa hakiniumi. Tukampeleka zahanati, wakapima siku mbili tofauti bado iko kule kule, akaanzishiwa amlodipini, kidonge cha kushusha presha, baada ya miezi miwili ikawa inacheza kwenye 140 na kidogo, tukapumua.

Sasa juzi kati jirani kampeleka kwenye darasa la utulivu. Wanakaa kwenye mikeka, wanafumba macho, wanavuta pumzi taratibu kwa pua wanaitoa kwa mdomo, kama dakika 20 hivi, elfu kumi kila ukienda. Mwalimu anawapima kabla na baada. Mama kaingia na 158 katoka na 146, karudi nyumbani anaimba. Mwalimu kawaambia presha ni mawazo tu, wakimaliza siku 40 wataachana na vidonge. Mama hata hizo 40 hakuzisubiri, ya 12 vidonge kaweka kabatini.

Dada yangu anasema kosa ni la hospitali zetu, daktari dakika tatu ameshaandika, hakuna anayekuuliza unaishije wala unalalaje, kwa hiyo haya mambo ya kutulia yafundishwe bure kwenye kliniki zote za presha ili watu wasiliwe hela mtaani. Mi naona kliniki ambayo kuna siku unaambiwa dawa zimeisha kanunue nje, ianze kufundisha watu kupumua, hiyo ni dharau. Nyie mnaonaje?

Fundi Majiko:
Mkuu mwache mama yako. Mimi nilikunywa hiyo hiyo amlodipini miguu ikavimba mpaka viatu havingii, nikaacha. Sa hivi mwaka wa tatu nafanya mazoezi ya pumzi asubuhi na jioni, nimepunguza hasira, nimeacha kubishana Simba na Yanga, niko fiti kama kijana. Hawa watu wa vidonge wanataka wateja wa maisha.

Nesi Mstaafu:
Fundi, swali moja tu. Mara ya mwisho umepima lini?

Fundi Majiko:
Sijisikii vibaya dada, nikapime nini sasa

Nesi Mstaafu:
Haya, hapo ndo ugonjwa wenyewe ulipo. Nimekaa kliniki miaka mingi, na wagonjwa niliowaona wanaingizwa kwa machela upande mmoja haufanyi kazi wengi wao wiki moja kabla walikuwa hawajisikii vibaya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kuna utafiti ulifanyika Ilala hapa hapa Dar na kule Hai, waliokutwa na presha chini ya mmoja kati ya watano ndo alikuwa anajua anayo, na ambao ilikuwa imeshuka mpaka inapotakiwa hawakufika hata asilimia 1. Ni zamani, lakini tabia ile ya kungoja kuumwa ndo kwanza upime bado tunayo.

Na miguu kuvimba ni kweli kabisa, amlodipini inafanya hivyo kwa baadhi ya watu, hujadanganya. Ila dawa yake ni kurudi ubadilishiwe au upunguziwe dozi, zipo za aina nyingi, sio kuondoka jumla.

Sasa wewe kijana, nikuambie ule mchezo wa kupima kabla na baada. Mama katoka Tandika na daladala, kasimama njia nzima, kafika kapanda ngazi, anapimwa hapo hapo, lazima isome juu. Alafu anakaa kimya dakika 20 anapimwa tena, lazima ishuke. Hata angekaa anaangalia ukuta ingeshuka! Ndo maana sisi tunatakiwa tukukalishe dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini usikunje nne, mkono usawa wa moyo, umeshakojoa, hujatoka kunywa kahawa, na huongei. Hizo pointi 12 za mwalimu mimi ningezipata bure kwa benchi tu.

Halafu kingine ambacho watu hawakijui, amlodipini inakaa mwilini siku kadhaa. Ukiiacha leo, kesho na keshokutwa ukipima bado iko sawa, unasema si nimepona. Inapanda polepole, wala huisikii ikipanda. Mama apimwe wiki hii tafadhali.

Bi Mkubwa Magomeni:
Mimi nacheka tu. Kutulia! Wapi wanangu? Naamka saa kumi alfajiri, maji yanatoka kwa zamu, nina marejesho ya mkopo wa kausha damu kila siku jioni na yule kijana wao anakuja amekunja uso utadhani kanikopesha ukoo mzima, mjukuu ada, mwenye nyumba naye. Leo mtu aniambie fumba macho vuta pumzi. Nikifungua macho yule kijana si bado kasimama mlangoni?

Sikatai kutulia kupo. Mimi baada ya swala ya alfajiri nikikaa na tasbihi yangu nusu saa naona mwili unarudi. Lakini sijawahi kuacha kidonge, niko na presha tangu nimzae kitinda mimba wangu na sasa ana miaka 31.

Mdau wa Kigamboni:
Bi Mkubwa umemaliza mada

Dada Mtu:
Haijaisha. Mimi ndo dada anayesemwa huko juu, na kaka yangu kanukuu nusu nusu. Mimi sijasema mama aache dawa, nilimgombeza mimi kabla yake. Nilichosema ni hivi: mgonjwa wa presha akienda kliniki ya serikali anafika saa kumi na mbili asubuhi, anakaa benchi mpaka saa nne au tano. Yale masaa yapo, yanaoza bure. Kuna siku nesi anakuja anatoa elimu ya afya dakika kumi mnajibu ndiyoooo basi. Kwani hapo akiwafundisha na kupumua hela gani imetoka? Nani kanunuliwa mashine? Watu wanaenda kwa walimu wa elfu kumi kwa sababu kule wanakaribishwa, wanaulizwa habari za nyumbani, wanashikwa mkono. Mama aliniambia mwenyewe, "kule nimeongea, hospitali nimepimwa." Mtu akikosa hiyo kwa daktari ataitafuta kwa tapeli na ataipata.

Kijana wa Tandika:
Sawa hilo la benchi sikulifikiria. Ila dada elimu ikitolewa na serikali watu wataichukulia ni dawa rasmi, watasema hata nesi kasema pumua.

Muuza Famasi:
Nachangia kwa ninachokiona kaunta. Moja, watu wananunua vidonge vitano vitano, vikiisha anapumzika mpaka hela ipatikane, anakuja tena baada ya wiki mbili. Huyo presha yake inapanda na kushuka kama bodaboda kwenye matuta, wala kutulia hakuhusiki, tatizo lake ni mfuko. Mbili, mtu huyo huyo mwenye presha anakuja kila wiki kuchukua diklofenaki au brufeni za mgongo, na hizo zinapandisha presha na kuumiza figo, nikimwambia anasema we nipe tu. Na chumvi jamani. WHO wanasema isizidi gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai cha kila kitu, mchuzi, ugali wa dagaa, ng'onda, chipsi. Nani hapa anakula chipsi mayai bila kuongezea chumvi kwa juu kabla hata hajaonja?

Konda Mstaafu:
Tuongee ukweli ambao wanaume hawasemi. Wengi tunaacha vidonge kwa ajili ya nguvu za kiume, mambo ya mawazo ni kisingizio. Mi niliacha kimya kimya, mke akiniuliza nasema nimekunywa, nikawa nakitupa chooni. Hilo darasa la kupumua nilienda kwa sababu ilikuwa njia ya heshima ya kuacha, unasema natumia njia mbadala.

Nesi Mstaafu:
Asante kwa kusema, kama wangesema wote tungeokoa wengi. Zipo dawa zinazojulikana kuleta hiyo shida kwa baadhi ya watu, hasa zile za zamani kama atenolo na za kukojoza, na zipo kama losartani ambazo hazina sifa hiyo. Na presha yenyewe ikiachwa inaharibu mishipa midogo, ikiwemo unayoijali. Atenolo pia usiikate ghafla, moyo unaweza kukorofisha. Rudi useme kwa mdomo wako, ukiona aibu kwa nesi wa kike mwombe wa kiume.

Mzee wa Kariakoo:
Nyie mnadharau tu vya asili. Kuna mmea wa India unaitwa Rauvolfia, wameutumia karne na karne kutuliza watu, miaka ya 1950 wazungu wakatoa kemikali yake ikawa kidonge cha presha, reserpini. Hata kaptoprili, waliifikia kwa kuchunguza sumu ya nyoka wa Brazili. Sasa leo mnasema mizizi ni ujinga?

Muuza Famasi:
Mzee shikamoo. Hakuna aliyesema ujinga. Ila kwenye kidonge najua ni miligramu ngapi, kwenye chupa ya maji ya kahawia sijui. Na tukumbuke 2011 kikombe cha Loliondo, shilingi 500 pale Samunge, foleni ya magari kilomita na kilomita, kiliambiwa kinatibu kuanzia sukari, presha mpaka ukimwi, wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Mtu akikupa chochote, iwe mzizi au pumzi, halafu akamalizia na "acha za hospitali", hapo ndo pa kuondokea.

Mwalimu wa Kimara:
Mi naona tunapigana kwa sababu ya neno. Kwa Kiswahili chetu "usinipe presha" na "nina presha" ni neno moja, kwa hiyo mtu akiambiwa ana presha anaelewa ana mawazo, anaenda kutafuta dawa ya mawazo. Ukimwambia damu yake inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi hata akiwa amelala, hataenda kwenye mkeka kwanza. Nawajua watu wapole kabisa, hawana deni la mtu, na presha yao 180.

Dada Mtu:
Mwalimu hapo nakubali. Lakini mawazo nayo si yanapandisha?

Nesi Mstaafu:
Yanapandisha kwa muda, ndiyo, na mtu mwenye mawazo halali, anakula ovyo, anakunywa, anasahau dawa, kwa hiyo yanachangia kwa mlango wa nyuma. Sasa mnataka namba. Daktari mmoja wa Harvard, Herbert Benson, alianza kuchunguza haya ya kutulia na presha tangu miaka ya 1970, kwa hiyo sio uchawi. Mwaka 2008 watafiti walikusanya majaribio 25 ya mbinu za kutulia wakaona ile namba ya juu ya presha inashuka wastani wa pointi 5 hivi. Ila walipolinganisha na watu waliopewa zoezi la geresha, yaani la kujifanya tu, tofauti ikawa ndogo kiasi cha kutoaminika. Kidonge kimoja dozi ya kawaida kinashusha kama 9, na viwili vya aina tofauti zaidi ya hapo. Na kila ukishusha 10, hatari ya kiharusi inapungua kwa zaidi ya robo. Mama wa 172 hata ukimpa zile 5 zote, bado ana 167, hapo kapona nini?

Aliye kwenye 135, kijana, hana sukari, figo nzima, huyo mwambie apunguze chumvi, atembee, alale, apumue, mpangie siku ya kurudi. Mimi ningependa wafundishwe pale benchi kama Dada Mtu anavyosema, kwa sababu yangu nyingine kabisa: wakitulia kabla ya kupimwa vipimo vitakuwa vya kweli, daktari hataongeza dawa kwa presha ya daladala.

Kijana wa Tandika:
Kwa sababu hiyo naunga mkono. Kwa sababu ya dada bado siungi.

Dada Mtu:
Umeunga mkono. Nimeshinda.

Fundi Majiko:
Nimepita famasi hapa jirani. 163 kwa 98. Nikakaa kama dada alivyosema, dakika tano, 159 kwa 97. Mashine inawezekana ina shida?

Bi Mkubwa Magomeni:
Fundi!!

Nesi Mstaafu:
Kesho asubuhi kliniki, na uwaambie habari ya miguu kuvimba kabla hawajaandika kitu. Kupumua endelea, sikukatazi.

Kijana wa Tandika:
Mrejesho. Tumempima mama siku nne mfululizo asubuhi na jioni, hajameza kidonge siku ya tisa leo, imetoka 144 ikapanda mpaka 166. Nilimwonyesha daftari nikakaa kimya. Kaangalia, kauliza "hii ya juzi ndo siku ile ya mkutano wa kikoba?" nikamwambia hapana mama, siku ile ulilala mchana kutwa. Kaenda kabatini mwenyewe, na kesho anarudi zahanati na daftari lake. Kidonge sasa anameza na chai ya asubuhi, na pumzi anavuta akisubiri wali ukauke. Yule mwalimu kampigia mara mbili, hajapokea.