Naomba ushauri: kifurushi cha mwezi kimebadilishwa, bei ni ileile

Ndugu wanachama, naomba ushauri wenu. Kifurushi cha mwezi ninachotumia kuwapigia wakulima wanaoniuzia mpunga kimebaki na bei ileile, lakini sehemu kubwa ya dakika za mitandao yote imegeuzwa kuwa ya mtandao mmoja, hivyo dakika zinaisha mapema na simu zinaanza kula salio la kawaida, jambo linaloniumiza sana. Huduma kwa wateja walinijibu tu kwamba vifurushi vimeboreshwa.

Je, malalamiko niyapeleke TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) moja kwa moja, au ni lazima kwanza nipate majibu ya maandishi kutoka kampuni? Na kwa mliohama mtandao bila kubadili namba, utaratibu ulioanza mwaka 2017, salio na pesa zilizokuwa kwenye laini mlizitoaje kabla ya kuhama?