Ndege iliyomwaga mbung'o Unguja: wale wadudu walikuwa na mionzi?

MtotoWaKitogani: Wakubwa shikamooni. Bibi yangu anasimulia kuwa miaka ya tisini kindege kilikuwa kikipita juu ya msitu wa Jozani kikimwaga vijiboksi vya karatasi, ndani mna mbung'o hai. Nilidhani ni ngano za usiku. Juzi nikasoma kuwa ni kweli, na mbung'o hao walipigwa mionzi Tanga. Sasa nina wasiwasi: si mionzi hiyo ilianguka kwenye mashamba yetu? Na akili gani hiyo, kumwaga mdudu yule yule unayemfukuza?

MzeeWaRaskazoni: Marahaba mwanangu. Bibi hakudanganyi, mimi nilikuwa nawalisha.

Tuliwafuga Tanga kama mtu anavyofuga kuku. Damu ya ng'ombe tunaitandaza kwenye trei yenye uvuguvugu wa mwili, juu tunafunika utando mwembamba wa silikoni, kisha vizimba vya wavu vinakaa hapo. Mdudu anadunga utando akidhani ni ngozi. Harufu ile ya damu, mke wangu alinifulisha nguo mwenyewe.

Ujanja uko kwenye uzazi. Mbung'o jike hatagi mayai. Anazaa buu mmoja tu kila baada ya siku tisa au kumi, na kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Akipandwa na dume tasa, yaani aliyepigwa mionzi, basi, amekwisha. Wa kwetu Unguja walikuwa aina moja tu, Glossina austeni, na bahari imewazunguka, hakuna wa kuvuka kuja kujaza pengo. Kwanza ng'ombe walimwagiwa dawa mgongoni na mitego ikatundikwa, mbung'o wakapungua. Ndipo Agosti 1994 ndege ikaanza, hadi mwishoni mwa 1997, madume tasa kama milioni 8. Mbung'o wa mwitu wa mwisho alinaswa Septemba 1996. Nagana, ule ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o, ikawaachia ng'ombe. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lile la Vienna, lilikuwa nasi tangu mwanzo.

Mionzi sasa. Ile tuliyotumia inaitwa gamma; inapita mwilini mwa mdudu, inaharibu mbegu zake, inakwenda zake. Nguo ukiianika inakauka, haigeuki jua. Chenye hatari ni kile chanzo chenyewe cha mionzi, nacho kilikaa ndani ya kinga nene ya madini ya risasi, hakijapanda ndege hata siku moja.

Sisi ndio tuliovaa beji za kupima mionzi iliyotupata. Mara moja nilisahau koti langu, na beji yake, limetundikwa ukutani chumba cha mashine wiki mbili. Majibu yaliporudi beji yangu ilisoma juu kuliko za wenzangu wote. Nilihojiwa kama mwizi wa karafuu, nikaondolewa kwenye zamu mpaka nilipokumbuka koti.

BejiKifuani: Mzee umenichekesha, mimi napiga eksirei na beji zetu zinasomwa Arusha, kwa Tume ya Nguvu za Atomiki. Naongeza moja tu kwa wauza vyuma chakavu: Goiânia, Brazili, 1987, watu walibomoa mashine ya tiba iliyotelekezwa, wakakuta unga wa sesiamu, dutu yenye mionzi, unang'aa buluu, wakagawiana. Wanne walikufa. Ukiona alama ya mionzi, ile ya mapanga matatu, kwenye chuma, usiguse, piga simu.

BintiKilifi: Mzee, mbung'o nakubali. Ila sisi huku Uyombo, pwani ya Kenya, tulipoambiwa kinu cha umeme wa nyuklia kitakuja kando ya bahari yetu, watu waliandamana. Usituambie ni nguo juani.

MzeeWaRaskazoni: Binti, sikuambii. Kimashine cha kufanya madume tasa hakina moto wa kupoozwa, na mabaki yake ni kile chanzo tu kikichakaa; kinu kina moto huo na mabaki mengi ya kuzika. Anayewaletea hoja ya mbung'o ili mkubali kinu anawachezea. Ulizeni maji ya kupoozea yatarudi baharini na joto kiasi gani, na mabaki yatakaa wapi.

MtotoWaKitogani: Ahsante mzee. Nimemsomea bibi yote. Anauliza: kama walikuwa tasa, mbona mmoja alimuuma shingoni?

MzeeWaRaskazoni: Mpe pole. Dume wa mbung'o naye anafyonza damu, si kama mbu. Tuliwalisha damu yenye dawa kabla hawajaondoka ili wasieneze nagana. Kuuma hatukuweza kuwakataza.