Tupeane uzoefu: uliambiwa mtoto mvivu, kumbe shida ilikuwa kwingine

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wadau, heshima kwenu. Nimetoka kikao cha wazazi kichwa kinaniuma. Binti yangu yuko darasa la nne. Mpaka mwaka jana alikuwa wa katikati tu, si wa kwanza si wa mwisho. Mwaka huu daftari limejaa wino mwekundu, na kwenye ripoti mwalimu kaandika neno moja: mvivu.

Nyumbani nikaanza na yale yetu ya siku zote. Televisheni nikazima, nikagomba, nikamkalisha mezani kwa muda wa saa mbili kila jioni. Alama zikazidi kushuka. Juzi nikamwangalia akinakili kutoka kitabuni, anaandika vizuri kabisa. Kazi za kunakili ubaoni ndizo zinarudi nusunusu, 8 imekuwa 3, mstari mzima umerukwa. Hapo nikaanza kujiuliza.

Aliyepitia hili aseme alijuaje. Wale wa "mwombee tu", naombea tayari.

Mama Mapacha

Mpeleke akapimwe macho. Wiki hii, usingoje muhula ujao.

Mapacha wangu waligawana: mmoja macho, mwingine sikio. Huyu wa macho alikuwa kama wako, kitabuni msafi, ubaoni mchafu. Daktari alinieleza kwamba jicho lake limerefuka kidogo kwenda nyuma, basi picha ya vitu vya mbali inakusanyika kabla ya kufika kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ndiyo maana anaona ukungu. Vya karibu havimsumbui. Na mtoto hatakwambia haoni, kwa sababu hajawahi kuona vingine. Anadhani ubao uko hivyo kwa kila mtu. Siku ya kwanza na miwani alirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, kumbe mwalimu huwa anatabasamu?" Nilienda kulia jikoni.

Angalia kama anakunja macho, anasogelea skrini, anainamia daftari mpaka pua iguse. Lakini hata usipoona dalili, mpime.

Wa sikio alinichanganya zaidi. Nikimwita akiwa ananitazama anaitika, akinipa mgongo kimya. Nikasema ni jeuri. Kumbe mafua yasiyokwisha yalimwachia majimaji mazito nyuma ya ngoma ya sikio. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe ndani ya miezi mitatu, ila ikikawia ni kazi ya daktari. Kwa muda ule mwalimu alimsogeza mbele, akawa anahakikisha wanatazamana kabla ya kutoa maelekezo. Hilo halikumgharimu mtu chochote.

Jino la Pembe

Tusidanganyane, wengine ni wavivu kweli. Mimi nilikuwa mvivu. Macho mazima, masikio mazima, akili ipo, nacheza mpira mpaka giza. Viboko havikunibadilisha. Kilichonibadilisha ni kuhama dawati nikakaa na jirani aliyekuwa anamaliza hesabu zote halafu ananitazama kwa huruma. Ile huruma sikuiweza.

Mwanafunzi wa Nyuma

Mimi ni mwanafunzi bado, naomba kuchangia upande wetu. Niliitwa mvivu huku nasoma mpaka usiku wa manane. Nasoma daftari mara ya kwanza, ya pili, ya tano, napiga mistari ya rangi mpaka ukurasa unafanana na bendera. Nikifunga daftari najiona nimeiva. Kwenye mtihani, karatasi nyeupe na kichwa cheupe.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenishtua. Alininyang'anya daftari akasema, "Haya, nieleze." Sikuweza sentensi tatu. Nilikuwa nayatambua maneno nikiyaona, lakini kuyatoa kichwani mwenyewe sikuwahi kujaribu hata siku moja.

Baadaye nilikuta kuna watafiti walilipima jambo hili, Roediger na Karpicke, Marekani, mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari mara mbili. Kundi la pili lilisoma mara moja, likaiweka pembeni na kuandika yote linayoyakumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, walikumbuka asilimia 81 ya habari, wenzao 75. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliorudia wamebaki na 42, waliojijaribu 56. Yaani ile njia inayokufanya ujione umeiva usiku wa leo ndiyo inayokuacha mtupu wiki ijayo.

Sasa nafanya hivi: nasoma ukurasa mmoja, nafunga, naandika ninachokumbuka kwenye karatasi chakavu, nafungua kuona nilichoacha. Narudia kesho yake, halafu baada ya siku kadhaa. Inachosha kuliko kupiga mistari, na siku za mwanzo unajiona mjinga sana. Lakini nalala mapema kuliko zamani. Wazazi, badala ya kuuliza "umesoma?", ulizeni "nieleze ulichosoma". Hata kama hamjui somo lenyewe, mtaona tu anapobabaika.

Bila Jina

Kwetu ilikuwa simu. Chini ya shuka, mpaka saa nane usiku. Asubuhi darasani anasinzia, ripoti inasema hajitumi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anatakiwa apate usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa siku, wangu alikuwa anapata tano. Sasa simu zote zinalala sebuleni, na yangu pia. Ya kwangu ndiyo ilikuwa vita kubwa.

Subira Yangu

Mtoto wangu tumbo lilikuwa linauma asubuhi. Hospitali mara tatu, hawaoni kitu. Mume wangu akasema anatega shule. Nikaanza kuweka alama kwenye kalenda, na baada ya mwezi nikaona tumbo linauma Jumatano tu. Nikamuuliza mwalimu Jumatano kuna nini. Michezo. Na kwenye chumba cha kubadilishia nguo kulikuwa na wakubwa wawili waliokuwa wanamvua viatu na kumfichia.

Hakuwahi kuniambia kwa sababu walimtisha. Sikumbana kwa maswali. Nilimpeleka matembezi, tukiwa tunatembea bega kwa bega, hatutazamani, maneno yakatoka yenyewe. Kabla ya kwenda shuleni niliandika tarehe, mahali, kilichotokea, nani alikuwepo. Ukienda na karatasi wanakusikiliza, ukienda na hasira tu wanaanza kukutuliza wewe.

Mzee wa Ubao

Nimefundisha miaka 26. Nakiri, neno hilo "mvivu" nimeliandika mwenyewe, mara nyingi. Ni rahisi. Darasa limejaa, ripoti ni za kesho, mkono umechoka.

Kuna kijana mmoja simsahau. Ukimuuliza kwa mdomo anakujibu mpaka unapenda, ukimpa kalamu anavunja herufi. Nilimsimamisha asome kwa sauti mbele ya wenzake, wakacheka, nami nikadhani aibu itamchochea. Akaacha kunyoosha mkono kabisa. Miaka ilipita ndipo nikaenda kwenye mafunzo, nikasikia habari za disleksia, yaani hali ya mtu mwenye akili timamu kupata shida kusoma na kuandika, nikamwona yeye kwenye kila sentensi. Na si jambo jipya: mwaka 1896 daktari wa Uingereza, Pringle Morgan, alishaandika habari za kijana wa miaka 14, mwerevu, hodari wa hesabu, asiyeweza kusoma. Mimi nilichelewa miaka mia.

Walimu wenzangu, mtoto kama huyo msimsimamishe asome ghafla. Mpeni kifungu jana yake ajiandae. Mwongezeeni muda, mruhusuni ajibu kwa mdomo pale inapowezekana, mrudisheni kwenye sauti za herufi polepole bila kumwita mtoto mdogo.

Mleta uzi, ukirudi kwa mwalimu beba madaftari mawili, la kunakili kitabuni na la kunakili ubaoni. Yafungue mezani, nyamaza. Mwalimu mwenye macho ataona. Na omba abadilishiwe kiti leo leo, hilo halisubiri daktari.

Jino la Pembe

Mwalimu, umenikumbusha aliyekaa nyuma yangu. Tulimcheka sana yule. Sina la kuongeza.

Kalamu Butu (mleta uzi)

Nimerudi. Kapimwa. Macho yote mawili hayaoni mbali, la kulia ndilo baya zaidi. Miwani itakuwa tayari Alhamisi, fremu kachagua mwenyewe. Masikio mazima, Mama Mapacha, nilipima pia.

Madaftari mawili niliyapeleka. Mwalimu alifunua kurasa muda mrefu, halafu akainuka akaenda kumhamisha mstari wa mbele, hakusema kitu. Nimemwomba binti msamaha kwa zile saa mbili za kila jioni. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kauliza kama televisheni inaweza kuwashwa sasa.